Kupima Maji ya Tangi la Bustani, na Jinsi ya Kuchagua Kipimo cha Mwangwi

Katika mkoa wetu wa Simiyu mvua hukoma mwezi wa Mei. Tangu Juni mpaka Septemba mkulima wa bustani hana maji ila yale aliyoyaweka akiba, au yale anayoyavuta kutoka kisimani au lamboni. Mito yetu, kama Simiyu na Duma, hupungua mno, na mahali pengi watu huchimba mchanga ili wapate ndoo moja. Kwa hiyo mwenye tangi la kumwagilia hana budi kujua kila siku ana lita ngapi, kama vile mwenye ghala ajuavyo ana magunia mangapi.

Siku hizi wauzaji hupita vijijini na vipimo vinavyofungwa juu ya tangi na kuonyesha kiasi cha maji bila kuyagusa. Vikundi vingi vya bustani huuliza kama vyafaa kununuliwa. Jibu letu ni kwamba vyafaa mahali pengine, na mahali pengine ni kupoteza fedha. Somo hili laeleza namna ya kutofautisha.

HESABU YA MAJI KWANZA

Kipimo chochote hupima kina cha maji tu. Lita hupatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo ni ya mkulima mwenyewe.

Kwa tangi la mviringo lililosimama wima, fanya hivi. Zungusha utepe wa kupimia kiunoni mwa tangi upate mzingo wake kwa mita. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 12.57. Jibu lizidishe kwa 10. Hapo utapata lita zilizomo katika kila sentimita moja ya kina.

Mfano: tangi lenye mzingo wa mita 6.28. Mara yenyewe ni 39.4. Gawanya kwa 12.57, jibu ni 3.14. Zidisha kwa 10, ni lita 31 na kidogo. Basi kila sentimita moja ya maji katika tangi hilo ni lita 31, yaani debe moja na nusu. Matangi ya plastiki yana mikunjo ubavuni na kuba juu, kwa hiyo hesabu haitakuwa kamili kabisa, lakini kwa kazi ya bustani yatosha. Andika namba hiyo kwa rangi ubavuni mwa tangi, isipotee.

Kumbuka pia kwamba maji yaliyo chini ya tundu la koki hayatoki. Koki ikiwa sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, lita 310 hazihesabiki. Anza kuhesabu kutoka kwenye koki.

Sasa upande wa shamba. Katika jua la Agosti nyanya, vitunguu na kabichi huhitaji lita 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Matuta manne, kila moja urefu wa mita 10 na upana wa mita 1, ni mita za mraba 40. Hayo hutaka lita 200 kila siku, yaani madebe 10, au sentimita 6 na nusu za tangi la mfano wetu. Nyanya hukaa shambani miezi mitatu au zaidi, na tangi la lita 9,000 halifikishi miezi miwili. Ni lazima lijazwe tena na tena na pampu. Hatari iko hapo: pampu ya jua ikikosa nguvu siku tatu za mawingu, au bomba likiziba, tangi hushuka kimya kimya. Nyanya zikikosa maji wakati wa maua, maua hudondoka. Zikipata maji mengi leo na kukosa kesho, matunda hupasuka na kuoza kitako. Mkulima huona hasara hiyo wiki kadhaa baadaye, sokoni Bariadi, wala hakumbuki siku tangi lilipokauka.

VIPIMO VISIVYO NA UMEME

Ufito ulionyooka, wenye alama kila sentimita 10, ni kipimo bora kwa tangi lililo chini. Hauharibiki, na hauna betri. Uwe safi, na uwe na mahali pake pa kutundikwa. Ufito uliopimia pipa la dawa ya pamba usiingie kamwe katika tangi la maji.

Mrija wa plastiki unaopitisha nuru, uliofungwa kutoka koki ya chini mpaka juu ya tangi, huonyesha maji kwa macho bila kufungua mfuniko. Ubaya wake ni kwamba huota ukungu wa kijani ndani na kukatika kwa jua. Weka koki ndogo chini yake na uifunge usipopima, ili ukikatika usiku tangi lisimwagike lote.

Boya lenye kamba na jiwe nje ya tangi nalo ni zuri. Watu husahau jambo moja tu, kwamba jiwe hushuka maji yanapopanda.

Ikiwa tangi lako liko karibu na nyumba na unaweza kulifikia kwa ngazi fupi, acha hapo. Usinunue kipimo cha umeme. Fedha hiyo nunulia mbegu bora au mipira ya kumwagilia.

Lakini kuna matangi ambayo ufito hauyafai. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 5 au 6, mtu akilipanda kila jioni kwa ngazi ya chuma, siku moja ataanguka. Tangi lililo mbali na pampu humfanya mtunza pampu awe mpiga mbio. Tangi la kikundi, ambalo watu 20 hugawana maji yake kwa zamu, huleta ugomvi kama hakuna namba inayoonekana na wote. Hapo kipimo cha umeme kina kazi.

JINSI KIPIMO CHA MWANGWI KINAVYOFANYA KAZI

Mtoto akiita mbele ya mwamba mkubwa, sauti humrudia. Mwamba ukiwa karibu hurudi upesi, ukiwa mbali hukawia. Popo huruka gizani kwa njia hiyo hiyo. Kipimo hiki, ambacho wauzaji hukiita kipimo cha altrasoniki, hufungwa juu ya tangi kikitazama chini. Hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la mtu halisikii, yenye mitikisiko zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Sauti hugonga uso wa maji na kurudi. Chombo hupima muda uliopita, nacho hujua mwendo wa sauti hewani, kwa hiyo hupata umbali kutoka kwake mpaka majini. Kisha hutoa umbali huo katika kimo cha tangi, na kinachobaki ndicho kina cha maji.

Tazama vizuri, mkulima: chombo hiki hakipimi maji. Kinapima hewa iliyo juu ya maji. Karibu makosa yake yote hutoka katika hewa hiyo.

JOTO NDANI YA TANGI

Sauti haina mwendo mmoja. Katika hewa yenye joto la digrii 20 huenda mita 343 hivi kwa sekunde. Kila digrii moja ikiongezeka, mwendo huongezeka kwa sentimita 60 hivi kwa sekunde. Katika digrii 40, joto ambalo hewa chini ya mfuniko wa tangi jeusi huweza kulifikia saa kumi alasiri, sauti huenda mita 355 na nusu.

Kipimo cha bei ndogo hakijui joto. Kimewekwa tangu kiwandani kudhani kwamba hewa siku zote ni ya digrii 20. Mchana sauti inaporudi upesi kwa sababu ya joto, chombo hudhani maji yako karibu, yaani tangi lina maji mengi kuliko yaliyomo. Alfajiri hewa inapopoa, huonyesha maji yamepungua.

Nimekuta kikundi kimoja cha bustani kilichotaka kumfukuza mlinzi wake kwa sababu hiyo. Kila jioni waliandika kina cha maji, na kila asubuhi kilikuwa kimeshuka zaidi ya sentimita 5, koki zikiwa zimefungwa. Wakasema mlinzi huuza maji usiku. Mzee mmoja wa kikundi akashauri tupime kwa ufito jioni na alfajiri kabla ya kumhukumu mtu. Tulipima usiku tatu. Ufito ulilowa alama ile ile kila mara. Maji hayakuwa yameondoka hata debe moja.

Hesabu yake ni hii. Hewa iliyo juu ya maji ilikuwa na kimo cha mita 1 na nusu. Alasiri, kwenye digrii 40, chombo kiliona mita 1 na sentimita 45. Alfajiri, kwenye digrii 18, kiliona mita 1 na nusu, na nusu sentimita juu yake. Tofauti ni sentimita 5 na nusu. Katika tangi la lita 31 kwa sentimita ni lita 170, zaidi ya madebe 8 ya maji ambayo hayakuibwa na mtu. Na tangi likizidi kuwa tupu kosa huzidi, maana hewa ni nyingi zaidi. Kosa ni kubwa wakati ule ule maji yanapokuwa haba.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza mwuzaji ni hili: je, chombo kina kipimajoto chake ndani na kujisahihisha chenyewe? Kama hakina, usikitumie kwa maji ya kugawana. Na hata kama kinacho, kipe kivuli. Kipimajoto kikichomwa na jua juu ya mfuniko, huku hewa ya ndani ikiwa na ubaridi, chombo hujisahihisha kupita kiasi na kuonyesha maji pungufu. Kipande cha bati kilichoinuliwa juu yake, chenye nafasi ya upepo kupita, chatosha.

MASAFA, UPOFU NA UPANA WA SAUTI

Kila kipimo cha mwangwi kina upofu karibu na uso wake. Chombo kinapopiga sauti hutetemeka kidogo, na mpaka kitulie hakiwezi kusikia mwangwi unaorudi. Kwa vyombo vingi upofu huo ni sentimita 20 mpaka 50. Maji yakifika hapo namba huwa ya uongo, na mara nyingine chombo husema tangi halijajaa, pampu ikaendelea kusukuma na maji yakamwagika. Tafuta namba ya upofu katika karatasi ya chombo, kisha hakikisha maji yakiwa juu kabisa bado yako chini ya umbali huo. Ikiwa nafasi haitoshi, inua chombo kwa kipande kifupi cha bomba pana juu ya mfuniko. Bomba hilo liwe laini ndani, bila ukingo wa kurudisha sauti.

Masafa ya mbali nayo huandikwa. Usiamini namba kubwa iliyo juu ya sanduku, kwa sababu hupatikana mbele ya ukuta mgumu mahali patulivu. Kwa tangi la mita 3, nunua chombo kilichoandikwa mita 5 au zaidi.

Upana wa sauti ndio unaosahauliwa na wengi. Sauti hutoka kama mwanga wa tochi na hutanuka kadiri inavyokwenda. Chombo chenye pembe ya digrii 10 hutanuka mpaka nusu mita kwenye umbali wa mita 3. Chenye pembe ya digrii 60 hutanuka mpaka zaidi ya mita 3, yaani hugonga kuta za tangi letu muda mrefu kabla ya kufika chini. Mwangwi wa ukuta, wa ngazi ya ndani, wa bomba la kuingizia maji au wa kamba iliyosahauliwa huonekana kwa chombo kuwa ndio maji. Basi chagua pembe nyembamba. Usifunge chombo katikati kabisa ya kuba, maana kuba hukusanya miangwi, wala usikisogeze karibu na ukuta. Mahali pazuri ni kati ya ukuta na katikati, upande ulio mbali na bomba la maji yanayoingia.

Ni lazima kitazame chini wima. Kikilala upande kidogo tu, mwangwi haurudi kwake. Tumia pima maji ya fundi mwashi.

Maji yakianguka kwa nguvu kutoka kwenye pampu uso wake huchafuka, na namba hurukaruka. Dawa yake ni kupeleka bomba la kuingizia mpaka karibu na sakafu, au kusimamisha ndani ya tangi bomba la plastiki la upana wa sentimita 10 au zaidi, lililonyooka, lenye nafasi ya maji chini na tundu dogo la hewa juu, na kipimo kikatazama ndani ya bomba hilo. Watengenezaji wengine hukataza bomba, kwa hiyo soma karatasi kwanza.

Mvuke nao huleta matone usoni mwa chombo. Alfajiri za Juni na Julai, maji yakiwa na joto kuliko hewa, matone hayo huzuia sauti. Vyombo vyenye uso ulioinama kidogo pembezoni au uliopakwa kitu kisichoshika maji huvumilia zaidi. Futa kwa kitambaa laini, usikwangue. Buibui na nyigu hupenda kujenga hapo, basi kila mwezi kitazame.

TANGI LISILO LA MAJI

Wakulima wenye mashine za kukamua mafuta ya pamba au alizeti, na vyama vinavyoweka dizeli, huuliza kama chombo hiki kitafaa. Mafuta ya kula yaliyopoa na kutulia hupimika. Povu humeza sauti. Mvuke wa petroli hubadili mwendo wa sauti, tena kuna hatari ya moto: chombo cha umeme kisicho na kibali cha kutumika penye mvuke unaowaka kisiwekwe hapo hata kwa siku moja. Ghala la nafaka lina vumbi, na rundo lake lina mteremko, kwa hiyo mwangwi hupotea. Viwanda vyenye matangi ya namna hiyo hutumia vipimo vya rada, ambavyo havijali joto wala mvuke sana, lakini bei yake si ya bustani. Hata matangi makubwa ya kugawa maji, kama yale ya mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu, ambao mwaka 2017 uliidhinishiwa fedha na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ni kazi ya wahandisi. Jumuiya ya watumia maji yenye tangi la kijiji na iende kwanza kwa ofisi ya RUWASA ya wilaya kabla ya kutoboa mfuniko.

UMEME, WAYA NA RADI

Chombo kinachotumia volti 12 hufaa zaidi kwetu, maana huungwa na betri ya pampu ya jua. Uliza pia namba inasafiri vipi mpaka kwa mtunza pampu. Vyombo vya viwandani hutuma mkondo wa miliampea 4 mpaka 20: nne ni tangi tupu, ishirini ni tangi limejaa. Mpango huu una busara. Mkondo haupungui kwa urefu wa waya, na waya ukikatwa na jembe mkondo huwa sifuri, si nne, kwa hiyo mtu hujua ni waya uliokatika, si tangi lililokauka. Chombo kinachotuma volti hakina faida hiyo katika waya mrefu. Vipo pia vinavyotuma namba kwa simu. Kabla ya kuvinunua panda mnarani na simu yako uone kama mtandao unashika hapo.

Alama ya IP67 maana yake vumbi haliingii, na chombo kikizama majini mita 1 kwa nusu saa hakiharibiki. Chini ya hapo usinunue. Kanda hii ya Ziwa ina radi nyingi, na tangi la mnarani ndilo refu kuliko vyote. Funga kizuia radi cha waya, na mnara wa chuma uungwe ardhini na fundi anayejua.

KUJARIBU KABLA YA KUMALIZA KULIPA

Mwuzaji mwema hukubali jaribio. Kikundi kilipe sehemu ya bei, kisha kipime siku saba kwa ufito na kwa chombo, alfajiri na saa kumi alasiri, huku mtu mzima mwenye nguvu akiipanda ngazi na mwenzake akiishika chini. Andikeni katika daftari safu mbili, tangi likiwa limejaa, likiwa nusu, na likiwa karibu na koki. Tofauti ya sentimita 1 ni ya kawaida. Sentimita 2 yavumilika. Ikifika 3, au ikiwa alasiri na alfajiri hazipatani, mwiteni mwuzaji aje na karatasi ya chombo, na Bwana Shamba wenu awepo.

Baada ya kulipa, msiutupe ufito. Kila Jumatatu mtu mmoja apime nao na kuandika karibu na namba ya chombo. Na koki zikiwa zimefungwa usiku, ufito ukionyesha kweli kwamba maji yameshuka sentimita 3, hizo ni lita 93, basi tafuteni unyevu chini ya tangi na kwenye viungo vya bomba kabla ya kumtafuta mtu.